Wamegoma, Wamekoma

Baba mkwe wangu hana G. Herufi, nasema. Gari kwake ni kari, gunia ni kunia, na lile godoro alilotununulia sokoni Chepseon mwaka tuliooana alilibeba kichwani huku akimwambia kila aliyekutana naye kwamba anapelekea bibi arusi kodoro. Si yeye peke yake, wazee wengi huku kwetu wako hivyo. Na mimi sina haki ya kucheka sana, maana wazazi wangu walihamia Kericho kutoka upande wa kati kuuza misumari na mabati, na nyumbani kwetu R na L zilikuwa zinabadilishana nafasi zinavyotaka. Lakini nilicheka. Mdomo wangu haujawahi kuwa na breki.

"Baba, kari ni nini?" nilikuwa nikimuuliza tukinywa chai.

"Ile iko na tairi nne," alinijibu bila kutabasamu, "na mtu kama wewe hawezi kununua."

Ndivyo tulivyozoeana. Kipsigis changu ni cha kusalimia na kuomba maziwa, Kikuyu yeye hajui hata neno moja, kwa hivyo Kiswahili ndicho kilichotuweka meza moja. Mume wangu anachimba visima huko kaskazini na huja nyumbani mara chache. Mama mkwe alifariki kabla sijaolewa. Watu wazima katika boma lile tulikuwa wawili tu, mimi na mzee, pamoja na ng'ombe zake na kipande chetu cha chai.

Basi mzee akaamua kujifunza G. Hakuniambia. Nilianza tu kusikia maneno ya ajabu. Asubuhi moja aliniaga ati anaenda "gazini". Viazi angepanda "gesho". Alikuwa ameona kwamba kila akiweka K mimi nacheka, kwa hivyo akaanza kuweka G popote ilipomjia, hata pale ambapo K ilikuwa imekaa na haki yake. Jameni, nilicheka mpaka mbavu zikauma, na sikumrekebisha. Niliona ni burudani ya bure.

Binti yetu alizaliwa na nyayo zinazotazamana. Miguu yote miwili ilikuwa imekunjika ndani, kiasi kwamba angesimama angesimamia ukingo wa nje. Hospitalini walimfunga plasta akiwa bado mchanga kabisa, wakaibadilisha wiki baada ya wiki, kila mara wakiinyoosha miguu kidogo, hadi siku ile nilipoona vidole vinatazama mbele nikalia mbele za watu. Baada ya hapo akapewa viatu vya kulalia. Vilikuwa buti mbili ndogo zilizounganishwa na fimbo ya chuma, ili miguu isigeuke akiwa usingizini. Baba mkwe aliviita nira, kama ile ya ng'ombe wa kulima. "Mtoto amevaa nira yake?" aliuliza kila jioni kabla hajagusa chakula.

Fundi wa plasta pale hospitalini, kijana mpole, alinionya jambo moja, na alilirudia mpaka nikaanza kuudhika. Mguu unakumbuka, alisema. Asipovaa viatu usiku, mguu utarudi ulikotoka. Mpaka afike miaka minne, mama, usilegee.

Sikulegea. Mtoto ndiye aliyekua. Buti zikambana, kisigino kikatoka kidonda, na fundi akaniambia niziweke kando kabla kidonda hakijaingia ndani. Saizi iliyofuata hospitali ilikuwa imeishiwa, na hakuna aliyejua zingeletwa lini. Dada yangu, ambaye ni muuguzi ng'ambo, akanunua saizi hiyo akaituma kwa posta. Siku simu yangu ilipoingia ujumbe kwamba kifurushi kimefika mjini, nilicheza jikoni na mtoto mgongoni. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu, ameanza kutembea kwa kushika kuta, na usiku alikuwa analala miguu mitupu.

Asubuhi yake nikaenda kukichukua. Mlango wa posta ulikuwa umefungwa kwa mnyororo. Wafanyakazi walikuwa nje na matawi mikononi, wanaimba wimbo wa kanisani ambao walikuwa wameubadilisha maneno ukawa wa mishahara. Ndivyo nilivyojua kuna mgomo.

Mama wa kaunta ya vifurushi nilimjua. Ndiye aliyekuwa akinipa vitu vya dada kila mwaka, na tulikuwa tukisalimiana sokoni. Nikamvuta kando.

"Dada yangu, nisaidie. Kifurushi changu kiko ndani. Ni viatu vya mtoto, vya hospitali."

"Najua. Nilikiweka kwa rafu mimi mwenyewe."

"Basi nitolee."

"Nikikutolea wewe, nitamtolea na yule, na yule pale. Sasa huo utakuwa mgomo wa aina gani?"

Ningeomba. Mtu mwenye akili angeomba. Mimi nilipandwa na hasira pale pale, nikamshusha mtoto mgongoni, nikamvua soksi mbele ya umati, nikainua miguu yake watu waione.

"Mtoto wangu si serikali!" nikapiga kelele. "Mnamgomea huyu? Amewakosea nini? Haya, mwangalieni!"

Wimbo ukakatika. Mtoto naye akaanza kulia. Yule mama wa kaunta aliitazama ile miguu muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Wangu wako nyumbani tangu muhula uanze," akasema, wala hakupandisha sauti. "Unapita hapo kwetu ukienda soko. Ulishawahi kuuliza kwa nini hawako shule?"

Sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nimewaona wakicheza na tairi barabarani saa za masomo, na nikapita. Lakini siku hiyo sikutaka kuambiwa. Nilimfunga mtoto mgongoni nikaondoka huku nikiwatukana, kidogo moyoni na zaidi kwa mdomo.

Nyumbani nikamwambia baba mkwe akanisemee. Yeye hupeleka maziwa mjini kila asubuhi, na kila mtu pale anamjua. Nilidhani atachukua kofia yake aende. Akakataa.

"Mimi nilikuwa kwa mgomo," akasema. Ujanani alichuma chai kwenye mashamba makubwa, na waliwahi kukaa nje wakila mboga za kuokota. "Mmoja wetu akarudi kazi kwa mlango ya nyuma. Mpaka leo tunakaa kanisa moja na hatusalimiani. Siwezi kuambia mtu avunje mgomo, mama."

"Hata kwa sababu ya huyu?" Nilimnyooshea kidole mtoto, ambaye alikuwa anamvuta paka mkia.

Akamnasua paka mikononi mwa mtoto. Halafu akasema, "Nitapita hapo kila siku. Nitaangalia. Wakifungua tu, napiga simu."

Na kweli alipita. Kila asubuhi, maziwa yakishapokelewa, simu yangu ililia na sauti yake ikaja na neno moja, "Bado." Hakungoja jibu. Nilianza kulichukia neno hilo. Nilichukia hata mlio wa simu yenyewe.

Usiku ndio ulikuwa mbaya. Nilijaribu kila kitu. Nilizijaza zile buti kuukuu pamba, zikatonesha kidonda upya. Nikachukua soksi zake, nikazifunga kwenye mwiko wa ugali, mguu huku na mguu huku, nikidhani nimegundua dawa. Alirusha mateke mpaka mwiko ukampiga usoni. Nikaishia kukaa kitandani nimemshika nyayo kwa mikono yangu, nikizigeuza nje, nikiomba Mungu, mpaka usingizi unanishinda. Nikishtuka nakuta zimejikunja tena. Aki nilikuwa na hofu ambayo sikuwahi kuijua. Niliihofia miguu ile kama mtu anayenyemelewa na mwizi.

Wiki zikapita hivyo. Kisha ikaja ile asubuhi.

Nilikuwa katikati ya chai, aproni ya nailoni kiunoni, kikapu mgongoni, manyunyu yananichoma mikono kwa baridi. Mtoto nilikuwa nimemwachia jirani. Simu ikalia. Nilijifuta mikono nikijua nitakachosikia, ila siku hiyo mzee hakusema bado.

"Mama!" Alikuwa anapiga kelele hata nikaisogeza simu mbali na sikio. "Mama, wamegoma! Watu wa posta, wamegoma!"

"Najua wamegoma, baba."

"Wamegoma kabisa! Sasa hivi, naona na macho!"

Alikuwa anacheka. Nikasema moyoni, haki ya nani, mzee huyu anasherehekea. Amesimama pale na hao watu wake, amekumbuka ujana wake, damu imechemka, na mjukuu wake analala miguu mitupu. 

"Sawa, baba. Nimesikia," nikasema, nikakata.

Nikachuma chai siku hiyo kana kwamba majani yamenitusi. Nilipoenda kupima majani kwenye kituo niliiacha simu nyumbani ikichajiwa. Niliporudi nikakuta amenipigia tena na tena. Nikampigia, simu yake ilikuwa imezima. Sikujali sana. Bado nilikuwa na hasira naye.

Alirudi jioni, mkebe wa maziwa mtupu, viatu vyake vimejaa matope. Hakuketi.

"Mbona hukuja?"

"Nije wapi?"

"Posta. Si nilikuambia?"

"Uliniambia wamegoma!"

"Ndio! Wamegoma!"

"Sasa wamegoma, nije kufanya nini? Kuimba?"

Tukatazamana. Nilikuwa tayari kumpasulia. Lakini uso wake ulikuwa umeanza kubadilika, kama mtu anayepapasa mfuko na kukuta umetoboka. Aliweka mkebe chini. Akaweka viganja vyake pamoja, kisha akavifungua, pole pole, kama milango miwili.

"Wame-ko-ma," akasema. "Wameacha. Mlango ilikuwa wazi."

Nikakaa juu ya gunia la viazi lililokuwa hapo mlangoni. Neno lilikuwa koma. Katika maneno yote ya Kiswahili yenye K, hilo moja, siku hiyo moja, K yake ilikuwa sawa, na angeisema kama alivyozoea tangu utotoni ningefika mjini kabla ya saa nne.

"Nilitaka kusema vizuri," akasema. "Nilifikiri utafurahi."

Kilichotokea alinieleza kidogo kidogo, akiwa bado amesimama. Yule mama wa kaunta hakuwa amesahau miguu ya mtoto wangu. Kila siku alikuwa akiwasumbua wenzake, mpaka wakakubali kufungua asubuhi moja, vifurushi tu, watu wachukue vyao, kisha warudi nje. Alikitoa changu kwanza, akakiweka juu ya kaunta. Baba mkwe akaomba apewe. Yule mama akamwambia hapana, mzee, ni lazima mwenyewe na kitambulisho, mpigie aje. Mzee akasema nishampigia, anakuja. Akasimama mlangoni akinitafuta kwa macho katika kila pikipiki. Adhuhuri viongozi wao wakapiga simu kutoka Nairobi kwa ukali, kwamba ofisi ile imewasaliti wenzao nchi nzima. Kifurushi kikarudishwa kwenye rafu. Mnyororo ukarudishwa mlangoni.

Kulipokucha nilikuwa pale. Nilitikisa ule mnyororo mpaka mikono ikanuka kutu. Wafanyakazi waliniangalia tu. Mama wa kaunta alinipa mgongo. Nilitaka kumfuata nimweleze, lakini ungeanzia wapi? Ungemwambia nini, kwamba ni herufi?

Mgomo ukaendelea baada ya hapo kwa muda mrefu kuliko mwanzo. Na siku moja, mtoto akitoka jikoni kunifuata uani, niliona mguu wa kulia unavyokanyaga. Haukukanyaga kwa wayo. Ulikanyaga kwa ukingo. Nikamwambia arudi, aje tena. Akadhani ni mchezo, akarudi, akaja anacheka, na mguu ukafanya vilevile. Nikamwita mzee. Akamwangalia akitembea, kisha akatoka akaenda kwa ng'ombe, na hakuingia ndani mpaka chakula kikapoa.

Fundi wa plasta aliushika ule mguu, akaukunja huku na huku, hakunigombeza. Heri angenigombeza. "Umekumbuka," akasema tu. Akatia bakuli maji ya vuguvugu na kulowesha bandeji. Tukaanza upya, plasta juu ya plasta, kwa mtoto ambaye sasa alikuwa anajua kutembea na hakuelewa kwa nini anakatazwa. Baadaye alikatwa tena ule mshipa wa nyuma ya kisigino, kama alivyokatwa akiwa mchanga. Nilimshika mabega. Alipiga mayowe akiniita mimi, mimi niliyekuwa nimemshikilia ili akatwe.

Mgomo ulipoisha kweli, baba mkwe alipiga simu. Hakutaja kugoma wala kukoma. "Kuja," alisema. "Lete kitambulisho."

Mama wa kaunta alikuwa amekonda. Alichukua kitambulisho changu, akaleta kifurushi, akanisukumia karatasi ya kutia sahihi.  Kisha akaona plasta ya mtoto ikining'inia mgongoni kwangu.

"Tulifungua kwa sababu yako," akasema. "Mimi ndiye niliwaomba. Hukuja."

Nikamweleza. Niliona aibu jinsi maneno yalivyotoka, G ya mzee, K ya mzee, kicheko changu cha chai. Yeye mwenyewe ni Mkipsigis wa upande wa Bomet, sikuhitaji kumfafanulia sana. Aliweka mkono mdomoni. Nilidhani anacheka, nikajiandaa kukasirika, kumbe machozi yalikuwa yamemlenga.

"Baba yangu pia husema hivyo," akasema. "Kari."

Akafuta macho kwa ukingo wa sweta. Akaniambia kwamba tangu asubuhi ile wenzake hawanywi chai naye. Wanamwita msaliti, pengine kwa mzaha, pengine si kwa mzaha. Watoto wake walikuwa wamerudi shule, lakini mkubwa alikuwa amerudishwa darasa. Nikasema pole. Yeye pia akasema pole. Nyuma yangu foleni ilikuwa imefika barabarani na watu wameanza kunung'unika, nikamwachia nafasi.

Zile buti hazikumfaa. Plasta ilipotolewa, mguu ulikuwa umekua tena, na hospitali wakati huo ilikuwa imepata viatu vya kila saizi. Nilizitoa kwenye karatasi ya dada yangu, mpya kabisa, nikampa mama mmoja niliyemkuta kwenye benchi na mtoto mdogo kuliko wangu. Alinishukuru kwa kongoi nyingi mpaka nikamwambia aache.

Mzee aliacha kujifunza G. Ubaya ni kwamba karibu aache na Kiswahili chote. Mezani alisema maji, chumvi, lala salama. Nilimwona akifungua mdomo kutaka kusema kitu, anakipima, anakimeza. Siku moja nikashindwa kuvumilia nikamfokea, mkwe wangu, Mungu anisamehe.

"Si wewe, baba! Ni mgomo, ni mimi kukata simu, ni hospitali kukosa viatu. Usinikalie kimya namna hiyo!"

"Kiswahili yangu imeumiza mtoto," akasema.

"Kiswahili chako kiko sawa. Ongea. Sema kari."

Hakusema. Nilikumbuka "gesho" na "gazini" na nikatamani kuyasikia tena, hata mara moja.

Sasa binti ana miaka miwili na nusu na mdomo wake, wanasema, ni wangu. Ila matamshi ameyachukua kwa babu yake, anayeshinda naye zizini. Mguu umenyooka. Viatu vya fimbo anavichukia kwa moyo wote, na kila jioni ni vita. Juzi tulikuwa sebuleni, mzee na kikombe chake cha chai, mimi nimepiga magoti na buti mkononi. Mtoto akakunja miguu yote miwili chini ya sketi, akaikalia, akanyoosha kidevu. Neno lile alikuwa ameliokota kwetu, maana kwa muda mrefu nyumba ile haikuzungumza jambo jingine.

"Mimi nimekoma!" akatangaza.

Nilijua alichotaka kusema: amegoma. Mzee pia alijua. Kikombe kilisimama njiani kuelekea mdomoni mwake, nasi tukatazamana juu ya kichwa cha mtoto. 

Mzee akaweka kikombe sakafuni. Akashuka kutoka kwenye kiti, magoti yake yakilia, akauchomoa ule mguu wa kulia taratibu kutoka chini ya sketi, na kusukuma kisigino mpaka kikakaa ndani ya buti.

"Bado, mama," akamwambia. "Hujakoma. Bado."

Ile K aliiweka mahali pake. Aliushikilia mguu pale, na mimi nikafunga mikanda.